Mada ya Mwezi Huu ni Rambirambi

Mimi si mtaalamu wa kadi, na nalisema hilo mapema kabla wifi yangu hajalisema. Mioyo ninayogonga mimi hutoka kama viazi, na ndege wangu ukiwatazama huoni kama wanaweza kuruka. Katika kikundi chetu nimeshika mkia tangu nilipojiunga, na mkia nimeuzoea. Nilijiunga kwa sababu mume wangu alisema nina kelele nyumbani. Akanishauri nitafute kitu cha kufanya na mikono, ili mdomo upate kupumzika. Cha kufanya na mikono nimekipata. Mdomo haujapumzika.

Tunakutana Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha duka la Fundi Mihuri. Kazi yake hasa ni kuchonga mihuri ya ofisi, ile ya IMEPOKELEWA na IMELIPWA. Vipande vya mpira vinavyobaki huvichonga maua, vipepeo, keki na mishumaa, akavigandisha kwenye vijiti vya mbao, na hivyo ndivyo tunavyotengenezea kadi. Unagonga muhuri kwenye pedi ya wino, unaugonga kwenye karatasi ngumu, halafu unapaka rangi, unakata, unabandika. Wakati mwingine unakosea, unaanza upya huku wenzako wanajifanya hawajaona.

Kila mwezi kuna shindano, na mada yake huchomolewa kwenye kopo. Mwezi mmoja ni kitu chenye mabawa, mwezi mwingine ni marufuku kutumia rangi nyekundu. Fundi Mihuri hashindani, yeye ni jaji, na huwa anatazama kadi kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mwisho wa mwaka mwenye pointi nyingi anachukua kombe, ambalo kwa kweli ni kikombe cha udongo kilichokatika mkono. Wifi yangu amekaa nalo kabatini miaka miwili, na hakuna mgeni anayeingia kwake akatoka bila kuoneshwa.

Iko sheria moja iliyotuponza. Kadi lazima iwe na mwenyewe. Sheria hii aliisababisha Mwalimu wa Hesabu, ambaye aliwahi kushinda kwa kadi ya mahafali aliyomtengenezea binamu yake, na baadaye ikagundulika binamu huyo hajazaliwa. Tangu siku hiyo bahasha iwe na jina la mtu halisi, mtu huyo awe na jambo hilo kweli, na kadi imfikie mkononi. Usimpongeze mama asiyejifungua. Usimuage mtu ambaye hasafiri.

Mada ya mwisho ya mwaka ilichomolewa na Muuguzi Mstaafu. Akaisoma kimya, akaigeuza nyuma kama vile angekuta nyingine huko, kisha akasema, "Rambirambi."

"Sasa nani amefiwa?" akauliza Mshonaji, ambaye hushona nguo za watu wiki nzima na Jumamosi hushona kadi.

Hakuna. Watu wote tuliowafahamu walikuwa wazima, kwa bahati mbaya. Mwalimu akasema anaye mjomba aliye taabani, akaandika jina la mke wa mjomba kwenye bahasha palepale. Muda si muda mjomba akapona, akaonekana juu ya ngazi anapaka rangi ukuta. Mwalimu alinuna mpaka wanafunzi wake wakaogopa.

Wifi peke yake hakuwa na shida. Alikuwa amemzidi Mwalimu pointi moja tu, lakini alifunga mkoba wake wa mihuri taratibu, kifungo kwa kifungo, akasema, "Mimi wazo ninalo tayari." Wifi ana wazo tayari kwa kila kitu. Ukimwambia mada ni matope, atakuletea kadi ya matope ambayo utataka kuitundika sebuleni.

Ndipo utumbo wa mume wangu ukajisokota.

Mume wangu ni fundi wa vyerehani, mtu mkimya, anaongea na mashine kuliko anavyoongea na mimi. Alishika tumbo akiwa kazini, akaanguka juu ya meza yake. Wakampasua, wakamshona, tukashukuru. Kisha kidonda kikaoza kwa ndani. Mtu aliyekuwa akibeba cherehani begani, sasa kikombe cha maji kinamshinda. Daktari, kijana mpole, akaniita pembeni akasema lazima wampasue tena, na safari hii ni nusu kwa nusu. Nikamuuliza nusu ipi. Akasema hata yeye hajui.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Miaka yote nimelala na mtu yule nikilalamika kwamba anakoroma, na sasa nilikuwa nakaa kando ya kitanda namwomba Mungu akorome.

Wanakikundi walikuja kumwona mmoja mmoja, na mimi nikafarijika, mjinga mimi. Muuguzi Mstaafu alimtazama kucha, akamfunua kope, akasoma karatasi zilizoning'inia miguuni pa kitanda, akaniambia, "Tumwachie Mungu," halafu akaondoka kwa haraka kidogo. Mshonaji aliniuliza napenda rangi ipi zaidi, zambarau au kijivu. Nilijua ananishonea gauni, nikasema zambarau. Mwalimu wa Hesabu aliuliza daktari amesemaje, nikamwambia nusu kwa nusu, akatikisa kichwa kwa huzuni. Halafu akataka kujua jina langu kamili.

Asiyekuja ni wifi. Dada mtu! Na huyo ndiye aliyemlea mume wangu. Mama yao alifariki mume wangu akiwa mtoto mdogo wa kubebwa, na dada mtu, msichana tu, akambeba yeye, akamsomesha kwa kuosha vyombo vya watu. Leo mtoto wake yuko mahututi, wodini hakanyagi. Kazi yake kutuma supu kwenye chupa, kwa mkono wa shemeji yangu, mtoto wa baba yao mdogo. Supu ya nini kwa mtu ambaye hata mate hamezi? Niliinywa mimi, kwa hasira. Ilikuwa tamu, na hilo likanizidishia hasira.

Siku ya kupasuliwa mara ya pili ikaangukia Jumamosi ya shindano. Walipomwingiza chumba cha upasuaji wakanifungia mlango usoni, nami nikaanza kugombana na kila aliyepita kwenye korido. Nikagombana na mlinzi. Nikagombana na mfagiaji kwa kuwa alifagia. Nikamkemea bibi mmoja aliyekuwa anakohoa, na naye alikuwa mgonjwa, alikuwa na haki yake ya kukohoa.

"Shemeji," shemeji akaniambia, "hebu toka ukapunge upepo. Mimi nipo hapa. Wakimtoa tu nakupigia."

"Wifi yuko wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Si leo ni Jumamosi?"

Haki ya Mungu, nilihisi kichwa kinapata moto. Kumbe ndivyo. Kaka anachanwa tumbo, dada yuko kwenye shindano la kadi kwa ajili ya kikombe kisicho na mkono. Nilitoka hospitali kwa miguu, na sikumbuki nilivuka barabara ngapi. Nakumbuka tu kwamba magari yalinipigia honi na mimi niliyajibu.

Nilisukuma mlango wa chumba cha nyuma, ukagonga ukuta. Wote walikuwepo. Fundi Mihuri alikuwa kichwani mwa meza na miwani zake mbili, Mshonaji, Muuguzi na Mwalimu upande mmoja, na wifi peke yake upande wa pili, mikono mapajani. Waliponiona, wale watatu wakarukia bahasha zilizokuwa mezani, wakazifunika kwa viganja. Sikuwajali. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi.

"Unaona raha, eti? Mwenzako yuko juu ya meza anapasuliwa, na wewe umekuja mezani kubandika maua!"

Wifi hakujibu. Hiyo haijawahi kutokea. Mimi na wifi tumegombania chumvi, mapazia, jina la mtoto wangu wa kwanza na namna ya kukunja mashuka, na hata siku moja hajaniachia neno la mwisho. Ukimya wake ulinifanya nitafute mwingine wa kumgombeza, nikageuka, nikamwona Mshonaji amelalia bahasha yake kwa kifua kizima.

"Mnaficha nini?"

"Hakuna kitu," wakasema wote watatu.

Nikaivuta. Bahasha ya zambarau, pindo zake zimeshonwa kwa uzi mweusi, mshono mzuri ajabu. Imeandikwa jina langu.

Nikaivuta ya Muuguzi. Jina langu. Nikaivuta ya Mwalimu, imeandikwa kwa rula, jina langu kamili na la baba yangu.

Nikazifungua. Ya Mshonaji ilikuwa na maua meupe yaliyoinamisha vichwa, na ndani, "Pole mjane mwenzangu." Ya Muuguzi ilikuwa na njiwa wa kijivu anayetoka dirishani, na ndani, "Sasa hasikii maumivu." Ya Mwalimu ilikuwa na mishumaa iliyopangwa kutoka mrefu mpaka mfupi, wa mwisho umezimika, na moshi wake umepanda wima kabisa. Zilikuwa kadi nzuri. Ninasema kweli, zilikuwa kadi nzuri kuliko zote walizowahi kutengeneza.

"Mume wangu," nikasema, "hajafa."

"Hatujasema amekufa," Mwalimu akasema.

"Umezima mshumaa!"

"Ni mfano tu."

"Ndiyo maana ulimtazama kucha!" nikamwambia Muuguzi. "Nikadhani unamhudumia! Kumbe unampima kama ataiwahi Jumamosi!" Nikamgeukia Mshonaji. "Na wewe, zambarau! Nimekaa wodini nasubiri gauni!"

Mshonaji akaanza kulia. Akasema hakuna aliyetaka mabaya, kila mtu alitengeneza kwake kwa siri, na wamejuana leo hii tu walipoziweka mezani. Mada ilikuwa rambirambi, mwenyewe anahitajika, na hawakuwa na mtu mwingine. Alisema vile kana kwamba nimewafanyia hisani.

"Uliambiwa nusu kwa nusu," Mwalimu akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto mzito wa kuelewa. "Na mimi sikukaa upande mmoja." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa bahasha ya pili. "Nilitengeneza mbili. Hii ni ya pongezi kwa kupona."

Nilimtazama. Fundi Mihuri naye alimtazama, akavua miwani ya juu.

"Mada ni moja," akasema. "Hiyo ya pili haiingii."

Sasa nikamrudia wifi. Nilitaka niimalize hasira yote mahali pamoja. "Haya, na wewe toa ya kwako. Si ulisema wazo unalo tayari? Toa tuione, bingwa. Umenigongea nini?"

"Sina," wifi akasema.

"Toa, wifi!"

"Sijatengeneza."

Wifi hajawahi kukosa shindano. Aliwahi kuleta kadi akiwa na malaria, amejifunika blanketi, na akashinda. Nikaona midomo ya Mwalimu inacheza kidogo, anapiga hesabu ya pointi, kisha uso wake ukaanza kung'aa, mpaka Mshonaji alipomkanyaga mguu chini ya meza.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Nilikata karatasi," wifi akasema, anaongea na meza. "Wazo nilikuwa nalo kweli, wewe hujaanza kuuguza. Aliposhikwa na tumbo nikasema, haya, mada ni mada, nitamtafuta mfiwa mwingine. Nikafungua wino. Kila nikiinua muhuri namwona yeye. Nikaona nikiugonga tu, basi, nimemwua kwa mkono wangu. Nikafunga wino. Kesho yake nikafungua tena, nikafunga tena."

"Na wodini je? Ulishindwa hata kuja kumshika mkono?"

Hapo akaniangalia. "Mama nilimwangalia mimi. Waliniambia kaa naye, mtazame, nikamtazama, na akafa nikiwa namtazama. Wifi, huyu mtoto nilisema sitamtazama. Nisipomtazama labda hatakufa. Ni upuuzi, najua ni upuuzi. Lakini sina mwingine, na ninaogopa. Nimekuja kukaa hapa kwa sababu nyumbani peke yangu ningepiga kelele."

Majibu yote ya wifi niliyoyaweka akiba miaka mingi nikayaacha kwenye akiba. Nikakaa kwenye kiti cha karibu naye. Simu yangu ikalia.

Ilikuwa shemeji. Sikuweza kuinua mkono. Wifi ndiye aliyebonyeza, akaiweka mezani katikati ya mihuri, sauti ikasikika chumba kizima.

Sasa shemeji yangu ana tabia yake moja. Hawezi kutoa habari kabla ya salamu.

"Haloo? Shemeji? Habari za huko?"

"Sema!" nikasema.

"Hamjambo lakini? Umefika salama?"

"Shemeji, sema!"

"Nasikia kama mpo wengi. Hawajambo wenzako? Na Mwalimu naye yupo?"

"Sijambo," Mwalimu akaitikia, kwa mazoea.

Wifi akaishika ile simu kwa mikono miwili. "We mtoto," akasema kwa sauti ndogo sana, "kaka yako yuko hai?"

"Ee, yuko hai, Dada, ndiyo ninalotaka kulisema. Wamemtoa. Daktari anasema kidonda wamekisafisha chote, na mapigo ya moyo ni mazuri. Ameshafungua macho. Ameuliza nani amebaki dukani kwake. Na wewe hujambo, Dada?"

Wifi akaiweka simu mezani. Akainamia meza, paji la uso likalala juu ya pedi ya wino ya buluu, akalia kwa kelele, mabega yanaruka. Mimi nililia pia. Nilimkumbatia mgongo kwa sababu uso ulikuwa hauonekani, na Muuguzi Mstaafu, ambaye amezoea mambo haya, akaenda kukata simu, maana shemeji alikuwa bado anaulizia hali zetu.

Tulipotulia, Fundi Mihuri alikohoa. Alikuwa amerudisha miwani ya pili.

"Nafurahi sana," akasema. "Ila shindano lazima lifungwe. Kadi hizi tatu hazina mwenyewe. Aliyeandikiwa hajafiwa. Kwa hiyo hakuna aliyepata pointi mwezi huu."

"Hata moja?" Mwalimu akauliza.

"Hata moja. Pointi zinabaki vilevile zilivyokuwa."

Mwalimu alikaa akitazama dari. Tulimwona akijumlisha, akitoa, akirudia. Mwisho akasema kwa unyonge kwamba kwa hesabu hiyo kombe linabaki kwa wifi, ambaye hakuleta kitu, na kwamba katika maisha yake yote hajaona hesabu sahihi inayouma namna hiyo. Kisha akanisogezea ile bahasha yake ya pili. Ilikuwa na jua linalochomoza, miale yote urefu sawa. Nilimshukuru. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilimshukuru hivyo hivyo.

Mshonaji akauliza zile tatu zifanyweje. Fundi Mihuri akasema ni kazi safi, inafaa zitunzwe.

"Zitunzwe mpaka lini?" nikauliza.

Nikazitia kwenye mkoba wangu zote tatu, kwa kuwa zina jina langu, nikamshika wifi mkono.

"Twende."

"Nitatazama ukuta," akasema. "Nitaingia, lakini nitatazama ukuta."

"Tazama unachotaka. Twende."

Tukaenda. Njiani hatukugombana, jambo lililotuchosha sote wawili. Mlinzi wa hospitali aliniona, akasogea pembeni kabla sijafungua mdomo. Mlangoni pa wodi wifi akasimama, akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi, akaingia akitazama ukuta kweli, mpaka akagonga goti kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine na kumwomba radhi.

Mume wangu alikuwa amelala chali, mirija puani, mirija mkononi, tumbo limefungwa lote. Macho yalikuwa wazi nusu. Alinitazama mimi kwanza, akanifinyia jicho moja, na hilo nimeliweka moyoni mwangu, silisemi zaidi. Kisha akamwona dada yake.

"Dada," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mbona paji la uso la buluu?"

Wifi akasahau ukuta. Akageuka, akamtazama, akabaki anamtazama.

"Wino," akasema.

"Ah. Leo Jumamosi." Akapumzika kidogo. "Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Kwa kadi gani?"

"Sikupeleka kadi."

Akalifikiria hilo muda mrefu, kama anavyofikiria mashine iliyokataa kushona. "Sasa umeshindaje?"

Wifi akanitazama mimi. Mimi nikautazama mkoba wangu.

"Wenzangu wote," wifi akasema, "walikosea mtu wa kumpelekea."

Mume wangu akaanza kucheka, mshono ukamuuma, akaacha, akafumba macho. Nikaona kifua kinapanda na kushuka. Wifi naye alikuwa anakitazama, hapepesi. Alitafuta pa kumshika asipate, kila mahali kuna mrija au bandeji, mpaka akafika miguuni, akafunua shuka, akamshika kidole gumba cha mguu. Muuguzi wa zamu alipokuja kutufukuza, mimi nilitoka. Wifi hakukiachia.